Nati ya Mbele Kushoto

Katika timu ile kulikuwa na sheria moja ambayo haikubandikwa ukutani na wala haikuhitaji kubandikwa: kilichokazwa na Mzee Robo hakikaguliwi. Ukimkuta mtu ameinama na spana nyuma ya Mzee Robo, ujue ni mgeni, na kesho usimtafute. Timu yenyewe ilikuwa ya watu kumi na mmoja, gari moja la mbio na dereva mmoja, na fundi mkuu wao kwa miaka ishirini na mbili alikuwa huyu mzee mfupi, mchache wa maneno, aliyepata jina kwa neno lake moja. Kila nati aliyoifunga aliimalizia kwa kusema, "Robo tu," akaisukuma robo ya mwisho, akaachia. Wenzake walipima kwa spana za kipimo. Yeye alipima kwa mkono, na mkono haukuwahi kumdanganya.

Sasa ulikuwa unamdanganya. Tangu mwanzoni mwa mwaka uliopita ncha za vidole vyake zilianza kufa ganzi, kwanza asubuhi tu, halafu mchana pia, halafu ganzi ikahamia kabisa kama mpangaji asiyetaka kutoka. Kule gerejini kwake, ambako katikati ya wiki alitengeneza magari ya watu wa kawaida, aliokota mezani washa, kipete cha chuma cha kuwekea nati, akadhani ameishika, kumbe imeshaanguka. Daktari alimwambia ni sukari, pamoja na mashine alizozishika maisha yake yote. Mzee Robo akaitikia, akaikunja karatasi ya daktari, akaiweka mahali ambapo hata mkewe asingeiona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Na mtu mwingine alikuwepo. Dereva wa gari lile alikuwa mume wa binti yake wa pekee. Timu nzima ilimwita Mkwe, waliomzidi umri na aliowazidi. Ukweni nako unakujua: hata chafya unaiombea radhi. Mkwe hakukaa kiti kimoja na baba mkwe wake, hakula naye akiwa amevaa kofia, hakumkatiza neno. Redioni tu ndipo wawili hawa walipozungumza kama binadamu, mmoja akiwa ndani ya gari linalokwenda kasi ya kutisha, mwingine akiwa bandani na spika masikioni. Huko Mzee Robo alisema "punguza," Mkwe akapunguza. Alisema "sasa," Mkwe akapita. Hakuuliza kwa nini.

Asubuhi moja ya siku ya mbio, baada ya mizunguko ya kupanga nafasi, iligundulika kwamba paipu ya breki ya gurudumu la mbele kushoto imekwaruzika. Mzee Robo akaibadilisha mwenyewe. Nati ya paipu ya breki ni ndogo, ya chuma laini, nayo ina kiburi chake: ukiizidishia inakatika, ukiipunjia inavuja, na spana ya kipimo haiingii pale ilipo. Inataka mkono. Akaifunga, akasema robo tu, akasukuma. Kisha akabaki ameshika spana, akisubiri mkono umwambie basi. Mkono ukanyamaza. Akasukuma tena kidogo, akaogopa kuikata, akaachia. Wakatoa hewa kwenye breki, pedali ikasimama ngumu, kila mtu akaridhika isipokuwa yeye.

Kwa nini hakusema palepale? Tusimwonee. Alikuwa na kovu. Mwaka uliopita, katika mbio za mwisho, woga huuhuu ulimshika juu ya nati nyingine, akamwita Mkwe aingie huku gari likiongoza, akasingizia kwamba amesikia mlio. Wakafungua. Nati ilikuwa imekaza sawasawa, hata nyundo isingeitikisa. Kombe likaenda kwa wengine. Mwenye timu, ambaye wote walimwita Bosi, alimwambia mbele ya watu: "Mzee, siku nyingine ukimwita kijana aingie, useme redioni umeona nini, na sote tusikie." Mzee Robo aliibeba aibu ile nyumbani, lakini alibeba na faraja. Kumbe vidole havisikii lakini bado vinajua kazi. Faraja hiyo ndiyo iliyomlaza usingizi mwaka mzima.

Kulikuwa pia na desturi ya dakika kumi. Kabla ya kila mbio Mkwe aliomba aachwe peke yake na gari, milango ya banda ikafungwa. Wengine walisema anaswali, wengine walisema analia, na mpishi wa chai wa timu aliapa kwamba analibembeleza gari kwa majina ya mapenzi. Hakuna aliyechungulia. Siku hiyo Mzee Robo alivunja desturi. Alitaka dakika moja tu na ile nati, akaingia kwa mlango wa nyuma, akamkuta Mkwe tayari yupo, amekaa juu ya tairi karibu na gurudumu la mbele, mikono mifukoni.

"Shikamoo, baba," Mkwe alisema akisimama haraka, ingawa walishaamkiana tangu alfajiri.

"Marahaba. Kaa, kaa. Nimekuja kutazama tu."

"Karibu."

Wote wawili wakatazama gari.

"Baba hujanywa chai," Mkwe alisema. "Nimesikia imeshamiminwa."

"Chai nitakunywa baadaye. Wewe je, hutaki kwenda kujinyoosha miguu?"

"Miguu iko sawa."

"Kuna wingu kule."

"Lipo. Lakini halina mvua."

Wakalijadili lile wingu. Wakajadili matairi, ambayo walishayajadili mara tatu. Mzee Robo alikuwa na spana ndogo kwenye mfuko wa ovaroli, na jasho likimteremka mgongoni, lakini atainamaje kukagua nati yake mwenyewe mbele ya mkwe wake? Ni sawa na kusema kwa kinywa chake kwamba amezeeka. Akangoja kijana atoke. Kijana hakutoka. Alikohoa, akakaa, akasimama, akajikuna shingo, na mara mbili alifungua kinywa akakifunga. Mlango ukagongwa. Wakati umefika.

Mbio zilikuwa za mizunguko thelathini. Binti wa Mzee Robo alikaa kwenye kiti kirefu mbele ya banda, saa mkononi na kalamu sikioni, kwa sababu kazi yake katika timu ilikuwa kuandika muda wa kila mzunguko wa mumewe. Baba yake alisimama nyuma yake. Bosi alisimama pembeni, naye ana spika masikioni.

Katika mzunguko wa nne Mzee Robo alirudi ndani ya banda, akachuchumaa pale gurudumu la mbele kushoto lilipokuwa limesimama. Kulikuwa na tone sakafuni, dogo tu. Akaligusa kwa kidole, akalisugua kwa dole gumba. Mtu mwingine angejua mara moja kama ni maji au mafuta ya breki, kwa utelezi wake. Yeye hakujua kitu. Akakipeleka kidole mdomoni kama mtoto, akaonja. Chungu. Mafuta ya breki. Lakini si walitoa hewa palepale asubuhi? Tone linaweza kuwa la wakati ule. Vilevile linaweza kuwa la sasa. Akalipangusa, akajiambia akili zako, mzee, usimharibie kijana mara ya pili.

Mzunguko wa saba, Mkwe alikuwa wa tatu. Wa tisa, wa pili.

"Gari liko vipi?" Mzee Robo aliuliza redioni.

"Zuri, baba. Breki zinashuka kidogo, lakini zinashika."

"Zinashuka kiasi gani?"

"Kidogo tu. Labda joto."

Labda joto. Kweli breki zikipata joto pedali hushuka kidogo, kila dereva anajua. Bosi akatikisa kichwa kukubali. Mzee Robo alijua pia kwamba breki za mbele zikipotea zitabaki za nyuma peke yake, na gari linaloshikwa nyuma tu kwenye mwendo ule linageuka kama pia ya mtoto, linazunguka mpaka likutane na kitu kigumu. Uwanja ule ulikuwa na kona moja ya mteremko ambayo madereva waliiita Mamamkwe, kwa sababu unaiendea kwa adabu la sivyo hutasahau. Ukuta wa Mamamkwe ulishaua.

"Baba, mbona unahema?" binti yake alimuuliza bila kugeuka.

"Joto."

"Leo hakuna joto."

Alimtazama kisogoni. Shanga ndogo nyeupe kwenye nywele, shingo nyembamba kama ya mama yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaandika muda wa mzunguko wa kumi kwa tarakimu safi, zilizonyooka, na chini yake alikuwa ameshapiga mistari ishirini mitupu, tayari kwa ishirini iliyobaki. Mzee Robo akaiona ile mistari mitupu, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Hakuogopa aibu tena, wala kombe, wala Bosi. Aliogopa karatasi ile.

Akabonyeza kitufe cha redio.

"Mkwe, ingia."

Bosi akageuka kama aliyeumwa na nyuki. "Umeona nini?"

"Ingia, Mkwe. Punguza sasa hivi."

"Mzee," Bosi alisema redioni, taratibu, ili wote kumi na mmoja wasikie, "tulikubaliana. Umeona nini?"

"Sijaona kitu." Mzee Robo alifumba macho. "Nati ya paipu ya breki, mbele kushoto. Niliifunga mimi, na vidole vyangu havisikii. Vimekufa ganzi tangu mwanzoni mwa mwaka jana. Sijui kama nimeikaza. Nilidanganya. Mwambieni aingie."

Kalamu ya binti yake ilisimama. Redioni kulibaki mngurumo wa injini tu, kisha ikaja sauti ya Mkwe, nyembamba, sauti ambayo Mzee Robo hakuwahi kuisikia.

"Baba, leo sikuipitia."

Neno lile lilichukua muda kumwingia. Sikuipitia. Leo. Maana yake kuna siku alizoipitia. Zile dakika kumi. Kijana hakuwa anaswali, hakuwa analia. Alikuwa anapita na spana nyuma ya baba mkwe wake, nati baada ya nati, milango ikiwa imefungwa, asije mtu akaona. Na leo baba mkwe aliingia, akakaa, wakajadili wingu.

"Uko wapi?" Mzee Robo aliuliza.

"Nimeshapita daraja. Naingia mteremko."

Mteremko wa Mamamkwe.

"Usiguse breki. Unanisikia? Shusha kwa gia. Ya tano."

"Ya tano."

"Acha injini ikushike. Ya nne."

"Ya nne. Baba, niligusa. Pedali imezama mpaka chini."

"Achana nayo. Sahau kwamba ipo. Ya tatu, usiogope ikipiga kelele, iache ilie. Kona usiikate. Umesikia? Usijaribu kugeuka. Nyoosha usukani, nenda mchangani."

"Mchanga ni mfupi, baba. Ukuta uko nyuma yake."

"Najua ulipo. Ya pili. Nyoosha."

Injini ililia redioni mlio wa kupasua masikio, kisha ukaja mkwaruzo mrefu wa mchanga chini ya chuma, kisha kishindo kimoja, kisha hakuna kitu. Kutoka bandani kona haikuonekana. Lilionekana vumbi tu, likipanda polepole juu ya miti. Mzee Robo aliita mara moja, mara mbili, mara tano. Binti yake alikuwa ameshuka kwenye kiti na amemshika ovaroli kwa mikono miwili, anamtikisa tu, kama anayetikisa mlango uliofungwa. Na Mzee Robo alijua kwamba kama sauti haitarudi, hatakuwa na mtoto tena, hata huyu anayemshika atakuwa si wake.

"Niko mzima," redio ilisema.

Binti aliachia ovaroli, akakaa chini palepale sakafuni, akaanza kulia kwa sauti.

Gari lililetwa kwa lori la kuvuta magari, pua imebonyea, mchanga ukimwagika kila upande. Mkwe alikuja akitembea mwenyewe. Alimkumbatia mkewe muda mrefu, kisha akaomba spana. Hakufunga milango. Mbele ya watu wote akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele kushoto, ambalo lilikuwa limelowa mafuta mpaka kwenye rimu, akaishika nati na kuisukuma. Ilizunguka nusu nzima kabla ya kugoma.

Bosi, ambaye kwa kawaida ana la kusema hata msibani, alivua spika akatoka nje.

"Tangu lini?" Mzee Robo aliuliza.

"Mbio za pili za mwaka jana." Mkwe alibaki amepiga magoti, macho chini. "Nilikuona umeangusha nati mara tatu, na hukusikia kwamba imeanguka. Nikaanza kupita nyuma yako."

"Na zile za mwisho? Nilipokuita ukaingia, tukaikuta imekaza?"

"Niliikaza mimi."

Mzee Robo akakaa juu ya tairi. Mwaka mzima alikuwa amelala usingizi wa mtu mwingine.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje, baba?" Sauti ya kijana ilikwaruza, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na hasira ndani yake. "Niambie, ningeanzaje? Leo nilikaa pale nikitaka uondoke, nikakwambia habari ya chai. Nilishindwa kusema nipishe niangalie. Nikaenda kupanda gari nikijua sijaangalia, kwa sababu niliona haya. Nikiwa pale juu ya mteremko nikafikiri, mke wangu atabaki mjane kwa sababu niliona haya."

"Mimi nilikuwa na spana mfukoni," Mzee Robo alisema. "Nilikuwa nasubiri wewe utoke."

Mkwe alimtazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya posa. Kisha akatazama pembeni, akajipangusa macho kwa mkono wenye mafuta.

Mzee Robo hakulia. Kuna kitu kilikuwa kimeanza kutembea kichwani mwake, polepole, na kadiri kilivyotembea ndivyo alivyozidi kuwa baridi.

"Nati za hapa umezipitia zote?"

"Kila mara, baba. Isipokuwa leo."

"Na ya gerejini kwangu?"

"Gerejini kwako?" Mkwe alishangaa. "Huko mimi sina kazi. Sijawahi kugusa kitu huko."

Mzee Robo alitoa simu mfukoni. Akaibonyeza, ikafungua kitu asichokitaka. Akaibonyeza tena, ikajipigia namba ya mkewe, akakata. Kidole kilikuwa kinapapasa kioo bila kujua kiko wapi. Mkwe aliinuka, akaja, akakaa juu ya tairi lilelile ubavuni mwake, akaichukua simu taratibu.

"Tuanze na nani?"

"Mwenye gari la shule. Juma lililopita nilimbadilishia paipu mbili."

Mkwe akatafuta jina, akapiga, akaiweka simu kwenye sauti ya juu. Iliita sana. Mwishowe mwenye gari akapokea, mchangamfu kama kawaida yake.

"Shikamoo, mzee wangu. Vipi mbio, mmeshinda?"

"Gari liko wapi?"

"Lipo hapa uani, naliosha. Kwani vipi?"

"Usiliwashe. Nilikufungia breki, na vidole vyangu havisikii. Nilikuficha. Mwite fundi mwingine afungue kila nati niliyoigusa mimi, akaze upya. Usilisogeze hata hatua moja mpaka amemaliza."

Upande wa pili maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo. Yakaendelea kumwagika, kisha mtu akayafunga.

"Mzee," mwenye gari alisema, na uchangamfu wote ulikuwa umemtoka, "wiki nzima nimewabeba. Tumeshuka nao mlima, tumepanda nao. Watoto thelathini na wawili."

Mzee Robo alitaka kusema samahani, akakuta neno lenyewe ni dogo mno, lakini hakuwa na lingine, akalisema. Simu ikakatwa. Mkwe alikuwa ameshafungua tena orodha ya majina.

"Anayefuata, baba," alisema. "Nitajie."